Poto ya kwanza: Lisbon na watu wa Kongo

Hapa Goma, mtu akipata viza na kupanda ndege, wenzake wanasema: "Ameisha kwenda Poto." Neno hilo limetufikia kwa njia ya Lingala, na ndugu zetu wa Kongo Central wanasema Mputu. Leo tukilitamka tunafikiria Bruxelles, Paris, ao Ulaya yote kwa jumla. Lakini tukilichimba neno lenyewe, tunakuta lina nchi ndani yake. Poto na Mputu yanatoka katika jina la Portugal, nchi ambayo kwa Kiswahili tunaiita Ureno. Miaka karibu 400 mbele ya Leopold wa Pili kujipatia Kongo, Poto ya watu wa Kongo ilikuwa na mlango mmoja, nao ni bandari ya Lisbon.

Makala haya yanataka kumtembeza msomaji katika mji huo. Lakini hatutafuata njia ya watalii. Tutafuata nyayo za watu waliotoka upande wa mto wetu wakafika kule zamani. Watu hao walikuwa wa namna mbili. Wengine walifika kama wageni wa mfalme, wakapewa nguo nzuri na chumba cha kulala. Wengine walifika wamefungwa, wakahesabiwa na kuwekewa bei. Wote walishukia bandari moja. Mtu anayetaka kuujua mji ule ni lazima ayashike mambo hayo mawili kwa pamoja.

Mji na maji yake

Lisbon haikujengwa usoni mwa bahari kuu. Iko karibu na mahali mto Tejo unapoingia katika Atlantiki. Mbele ya mji mto unapanuka sana, hata mtu wa Goma akiyatazama maji yale anaweza kufikiri yuko mbele ya ziwa. Mji unapanda juu ya vilima. Kwenye kilima kimoja kuna ngome ya São Jorge, na chini yake kuna kartie ya Alfama, yenye vijia vyembamba. Jina Alfama ni la Kiarabu, kwani Waislamu walitawala pale kwa karne nyingi, mpaka mfalme wa Ureno alipouteka mji mwaka wa 1147.

Ukifuata mto kuelekea baharini unafika Belém. Pale kuna mnara wa Belém na monasteri ya Jerónimos, majengo ambayo UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia mwaka wa 1983. Ndani ya monasteri kuna kaburi la Vasco da Gama. Karibu na hapo, kandokando ya maji, kuna sanamu kubwa ya mawe iliyojengwa mwaka wa 1960, yenye umbo la merikebu iliyojaa mabaharia. Mwaka ule ndio sisi tulipata uhuru. Kati ya mabaharia hao wa mawe yumo Diogo Cão, na kwake ndiko habari yetu inaanzia.

Wageni wa kwanza

Mnamo mwaka wa 1482 ao 1483, Diogo Cão alifika mahali mto mkubwa unapoingia baharini. Wenyeji waliuita Nzadi, maana yake mto. Wareno walishindwa kulitamka vizuri, wakaandika Zaire. Ndilo jina ambalo Mobutu aliipa nchi yetu tangu 1971 mpaka 1997, eti kwa kurudia asili! Cão alituma wajumbe bara, kwenye mji mkuu wa ufalme wa Kongo, Mbanza Kongo, ambao leo uko Angola. Alipoona wajumbe wanachelewa kurudi, akakamata watu wa heshima wa Kongo waliokuwa karibu na merikebu, akaenda nao Lisbon.

Hivyo safari ya kwanza ya Mkongo kwenda Poto ilianza kwa kukamatwa. Lakini kule walipofika mambo yaligeuka. Mfalme João wa Pili aliwapokea vizuri, wakafundishwa Kireno na dini, wakaonyeshwa mji. Alikuwa na sababu zake: alitaka watu wa kumfungulia mlango wa ufalme wao. Katika safari yake ya pili, iliyoanza 1485, Cão aliwarudisha kwao. Ni wakati ule pia mabaharia wake walipanda mto mpaka kwenye maporomoko ya Yelala, juu ya Matadi, wakachonga majina yao kwenye mwamba. Maandishi hayo yangali pale mpaka leo.

Mmoja kati ya wale waliopelekwa anatajwa na waandishi Wareno kwa jina la Caçuta. Baadaye mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alimtuma tena Ureno, na mara hii akiwa balozi mwenye zawadi na maneno ya mfalme wake. Akabatizwa kule na kuitwa João da Silva. Kongo iliomba mapadri, waashi na maseremala, na mwaka wa 1491 walifika Mbanza Kongo. Tarehe 3 Mei ya mwaka ule mfalme mwenyewe alibatizwa.

Si watu wa Kongo peke yao walioijua njia hiyo. Upande wa pwani ya Waswahili, mfalme wa Malindi alimpokea Vasco da Gama mwaka wa 1498, na mwanzoni mwa 1499, merikebu zilipopita pale zikirudi kutoka India, akampa balozi wa kwenda naye Ureno. Balozi huyo alirudishwa na merikebu za Cabral mwaka wa 1500. Basi katika miaka ile mtu wa pwani ya mashariki na mtu wa pwani ya magharibi waliweza kukanyaga mawe yale yale ya Lisbon, kabla Goma, Bukavu na Kisangani hazijatajwa katika karatasi yoyote ya Mzungu.

Mtoto wa mfalme shuleni

Mfalme aliyeijua Lisbon kuliko wengine wote hakufika kule hata siku moja. Ni Mvemba a Nzinga, anayejulikana kwa jina la Afonso wa Kwanza, aliyetawala Kongo tangu mwanzo wa karne ya 16 mpaka mwaka wa 1542 ao 1543. Yeye alisoma Kireno nyumbani. Kisha akatuma vijana wa jamaa yake wakasome Lisbon, na wengi wao walikaa kwa watawa wa Santo Elói. Kati yao alikuwa mwanawe Henrique.

Henrique alisoma miaka mingi. Mwaka wa 1518 Papa Leo wa Kumi alimweka kuwa askofu, kwa cheo cha Utica, mji wa zamani wa Afrika ya Kaskazini. Alirudi Kongo mnamo 1521 na kufanya kazi kule mpaka kufa kwake, mnamo 1531. Tuzingatie hesabu hiyo. Askofu wa kwanza Mkongo alipatikana mwaka wa 1518. Aliyefuata, Pierre Kimbondo, alipatikana mwaka wa 1956. Kati yao imepita miaka 438. Mtu akikuambia kwamba elimu ililetwa hapa na Wabelgiji, mwambie kwanza habari za Henrique.

Bandari ya upande wa pili

Sasa tugeuze uso. Wakati Henrique alipokuwa akijifunza Kilatini, katika mji huo huo kulikuwa na ofisi ya mfalme iliyoitwa Casa dos Escravos, yaani Nyumba ya Watumwa. Kazi yake ilikuwa kupokea watu waliotoka Afrika, kuwahesabu, kuwakadiria bei na kutoza kodi. Hesabu iliyofanywa mjini Lisbon mwaka wa 1551 inataja watumwa 9,950 kati ya wakaaji karibu 100,000. Kila watu kumi, mmoja alikuwa mtumwa. Walibeba maji, walifua nguo, walipakua merikebu, walitupa taka za matajiri mtoni. Wengi walikuwa Waafrika, na kati ya hao walikuwako waliotoka Kongo.

Mtumwa alipokufa mara nyingi hakuzikwa. Maiti ilitupwa nje ya mji. Mwaka wa 1515 mfalme Manuel aliandikia wakubwa wa mji akaamuru lichimbwe shimo refu la kutupia maiti za watumwa, na mara kwa mara itiwe chokaa. Hakusukumwa na huruma kwa marehemu. Aliogopa harufu na magonjwa. Hata leo iko barabara inayoitwa Rua do Poço dos Negros, Barabara ya Shimo la Weusi, na wengi wanaunganisha jina hilo na amri ile. Mgeni anaweza kuipita akitafuta mkahawa asijue anapita wapi.

Hata hivyo watu hao hawakukubali kuwa si watu. Katika kanisa la São Domingos walikuwa na chama chao cha Bikira Maria wa Rozari. Chama kiliwazika wafu wao, kilifanya sikukuu, na kilipata ruhusa za mfalme za kusaidia wanachama wakombolewe. Mwishoni mwa karne ya 16 iko kartie ya Lisbon iliyojulikana kwa jina la Mocambo, neno la lugha za Kibantu za upande wa Angola. Waafrika walikaa kule, watumwa na walioachwa huru. Mpaka leo uwanja ulio mbele ya kanisa la São Domingos ni mahali Waafrika wa Lisbon wanapokutana na kuongea habari za kwao.

Barua za Afonso

Je, wale wageni na wale watumwa walijuana? Afonso alijua. Mwaka wa 1526 alimwandikia mfalme João wa Tatu wa Ureno barua za uchungu. Alieleza kwamba wafanyabiashara Wareno, pamoja na Wakongo wenye tamaa ya vitu vyao, wanaiba watu usiku na mchana, hata watoto wa wakubwa na jamaa ya mfalme, na nchi inabaki tupu. Alisema hahitaji kutoka Ureno kitu kingine isipokuwa mapadri, walimu, dawa, na divai na unga wa misa. Mwaka ule ule aliweka watu watatu wa kuchunguza kila mtu anayeuzwa, wajue kama ni mateka wa vita ao mtu huru aliyeibwa.

Tusimpake Afonso rangi ya malaika. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa, na mateka wa vita aliwauza. Alichokataa ni kuona mtu huru wa nchi yake anageuzwa bidhaa. Lakini mpaka huo haukushika. Ukiisha kufungua soko la watu, mnunuzi haulizi mtu huyu ni mateka ao ni mpwa wa mfalme. Karibu na mwisho wa utawala wake Afonso aliandika tena, akitafuta habari za vijana wa jamaa yake aliowatuma Ureno kusoma, ambao njiani walikamatwa wakapelekwa Brazili. Waliondoka nyumbani kama wageni, wakafika kama bidhaa. Kumbe katika biashara ile hakuna aliyekuwa na hakika ya kubaki mgeni.

Wafalme waliofuata walijifunza. Mwaka wa 1604 Álvaro wa Pili alimtuma António Manuel Nsaku Ne Vunda kwa Papa, ili Kongo iongee na Roma yenyewe bila kupitia mkono wa Ureno. Balozi huyo aliibiwa na maharamia baharini, akapita Lisbon, akacheleweshwa Hispania. Alifika Roma mwanzoni mwa Januari 1608, mgonjwa sana, akafa baada ya siku chache. Alizikwa katika basilika ya Santa Maria Maggiore, na sanamu yake ya jiwe jeusi iko pale hata leo.

Siku mji ulipoanguka

Sasa tunafika mahali ambapo mtu wa Goma hahitaji kuelezwa sana. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wakiwa misani, ardhi ilitetemeka. Makanisa yaliangukia waumini. Waliokimbilia mtoni walikutwa na mawimbi makubwa. Mishumaa iliyoanguka ikawasha moto uliounguza mji kwa siku kadhaa. Walikufa makumi ya maelfu. Jumba la mfalme kandokando ya mto lilipotea pamoja na maktaba yake.

Na zile barua za Afonso? Zilikuwa ndani ya mnara wa ngome ya São Jorge, ulioitwa Torre do Tombo, uliotunza karatasi za ufalme. Mnara ulianguka. Mtunzaji wake, Manuel da Maia, alikuwa mzee wa karibu miaka 80. Hakuziacha karatasi chini ya mawe. Zilitolewa, zikawekwa katika kibanda cha mbao. Mzee huyo huyo alikuwa injinia mkuu wa nchi, na ndiye aliyeandika mipango ya kwanza ya kuujenga mji upya. Waziri aliyejulikana baadaye kwa jina la Marquês de Pombal akaisukuma kazi. Barabara zikanyoshwa, na ndani ya kuta za nyumba ikawekwa mifupa ya mbao ili zisianguke kwa urahisi ardhi ikitetemeka tena.

Tangu mwaka wa 1990 karatasi za Torre do Tombo ziko katika jengo jipya karibu na Chuo Kikuu cha Lisbon. Ni kwa sababu ya mzee yule na wenzake kwamba leo Mkongo anaweza kusoma mfalme wa Kongo alisema nini mwaka wa 1526. Bila karatasi hizo tungesikia upande mmoja tu wa habari, ule wa mabaharia wa mawe wa Belém.

Lakini tuone pia kilichokosekana. Afonso aliandika, kwa hiyo tunamsikia. Watu 9,950 wa mwaka wa 1551 hawakuachiwa kalamu, na kwao tumebaki na hesabu, shimo na jina la barabara. Mwaka wa 2017 wakaaji wa Lisbon walipiga kura fedha ya mji ijenge ukumbusho wa watumwa. Zilikuwa zimepita zaidi ya karne mbili na nusu tangu sheria ya 1761 iliyokataza kuingiza watumwa wapya Ureno. Asiye na maandishi anangoja muda mrefu kukumbukwa.

Habari hii inatuhusu namna gani?

Mtu anaweza kuuliza: sisi wa Kivu hayo yanatuhusu nini? Goma haikuwa katika ufalme wa Kongo. Kutoka hapa mpaka Mbanza Kongo ni zaidi ya kilomita 1,500.

Kwanza, jina la nchi yetu limetoka kule. Hata ramani yetu ina alama ya Lisbon. Katika miaka ya 1884 na 1885 Ureno ilidai mlango wa mto Kongo kwa sababu ya safari za Diogo Cão. Mwishoni ilipewa ukingo wa kusini pamoja na Cabinda, na nchi yetu kubwa hivi ikaachiwa pwani isiyofika kilomita 50. Tena lugha yetu: meza, bendera na mvinyo ni maneno ya Wareno. Gereza nalo linatoka igreja, maana yake kanisa. Hapa kwetu wengi husema buloko, lakini kule pwani nyumba ya sala ya Wareno iligeuka jina la nyumba ya wafungwa. Wahenga wetu waliosikia neno hilo walijua kuona.

Pili, na hili ndilo kubwa, mji wetu nao unakaa juu ya ardhi isiyotulia. Volkano ya Nyiragongo ilitoka 1977. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya mji, ukameza maduka, nyumba na kanisa kuu la Saint-Joseph, ukaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulirudi tena. Watu wa Goma walijenga juu ya mawe yale yale ya volkano, na kwa mawe yale yale, bila Pombal wa kuwaamuru. Hiyo ni sifa yetu, na hatuikatai.

Lakini kila mara tulipokimbia, kwa volkano ao kwa vita, tulibeba mtoto, godoro na sufuria. Karatasi zilibaki. Diplome, hati za viwanja, vitabu vya ubatizo, barua za wazee, picha za ndoa, madaftari ya vyama: mangapi yameungua? Nyumba inajengwa tena kwa mbao na malata. Barua ya babu ikiisha kuungua haina fundi. Kesho mtu akiandika habari za Goma, ataandika kwa karatasi za nani? Zile za wageni waliopita hapa zimetunzwa vizuri huko kwao. Zetu ziko chini ya kitanda.

Kwa hiyo tunatoa shauri dogo. Kila jamaa, kila parokia, kila shule na kila chama iandike ilivyoanza, nani aliiweka, 2002 ilikuwa wapi na ilipoteza nini. Wazee waulizwe wangali na nguvu, na majina yaandikwe kamili. Kisha kila andiko lifanyiwe kopi mbili: moja ikae hapa, ya pili ipelekwe kwa ndugu wa Bukavu, Butembo, Kinshasa, ao kwa yule mtoto aliyekwenda Poto. Manuel da Maia alitoa karatasi chini ya mawe ya mnara. Chini ya lava hakuna kitakachotolewa, ni lazima tutangulie.